Shajara ya mradi: kuwakinga watu wa kathlabu dhidi ya mionzi

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu walio kwenye kathlabu kama yetu, yaani chumba cha kutibu moyo kwa kupitisha mrija mwembamba (katheta) ndani ya mishipa huku tukiutazama kwa eksirei: mtambo mmoja wa eksirei, madaktari watatu wa moyo, manesi sita wa kupokezana, mafundi mionzi wawili, na bajeti inayomezwa na stenti, vile vijibomba vya kushikilia mshipa uliozibuliwa, kabla haijatufikia. Mimi ni mmoja wa hao mafundi wawili. Mwaka jana niliongezewa jina la afisa usalama wa mionzi, jina lisilo na ofisi wala posho. Hospitali siitaji, maana mengi humu ni makosa yetu wenyewe, na mengine ni yangu kabisa. Atakayetaka kuiga aige. Bei ni za shilingi ya Tanzania.

8 Januari 2024: Beji iliyokwenda kazini peke yake

Kilichoniamsha ni karatasi. Beji zetu, zile za kupima mionzi anayopata kila mtu, husomwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na leo nimepata majibu ya robo ya mwisho ya 2023. Mmoja wa madaktari wetu alikuwa likizo ya uzazi robo nzima, lakini beji yake imesoma juu kuliko ya mwenzake aliyekuwa akizibua mishipa karibu kila siku.

Nikampigia simu. "Dokta, samahani, ulipita kazini kidogo mwezi wa kumi na moja?"

"Nipite na mtoto mgongoni?" akacheka, akakata.

Nilidhani namba zimechanganywa. Nikaenda kwenye ndoano za aproni, zile nguo nzito zenye risasi, metali inayozuia mionzi. Aproni yake ni ya zambarau, ndiyo nyepesi kuliko zote, na mfuko wa kifuani una alama ya klipu. Kila mwanafunzi na kila mgeni aliyeingia chumbani alichukua hiyo kwa sababu haimvunji mgongo. Mwenyewe yuko nyumbani ananyonyesha, beji yake inazunguka chumbani kwenye vifua vya watu. Na yule mwenzake mwenye beji safi? Yake niliikuta kwenye droo ya chumba cha kompyuta, chini ya chaja ya simu.

Desemba nilikuwa nimeandika taarifa kwa uongozi kwamba "watumishi wote wako chini sana ya kikomo". Sahihi ni yangu. Sasa najua kwamba nilikuwa napima ndoano na droo.

Nilichofanya: ubao wenye misumari kando ya mlango, jina la kila mtu, beji mbili kila mmoja. Nyekundu huvaliwa nje ya aproni, shingoni upande wa kushoto. Buluu huvaliwa ndani, kifuani. Ya ndani inaeleza mwili umepata nini baada ya kinga, ya nje inatupa fununu ya kinachofika machoni. Ambaye hajavaa anajulikana mara moja, kwa sababu beji yake inaning'inia ubaoni wakati yeye yuko mezani. Aproni ya zambarau imeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya mafuta. Gharama: 38,000, ubao, misumari na rangi.

22 Januari: Dumu la maji, na kipimo kilichotupa raha

Wakati tunasubiri beji za kuaminika, tupime chumba chenyewe. Hapa kuna jambo ambalo hata watu wa miaka kumi kazini hulikosea. Mionzi inayokupata wewe uliyesimama kando ya meza haitoki moja kwa moja kwenye tyubu inayoizalisha. Inatoka kwa mgonjwa. Mwale unamwingia kutoka chini ya meza, sehemu ndogo inapenya mpaka kwenye ditekta na kuwa picha, na nyingine inagonga mwili wake na kutawanyika pande zote kama maji ya bomba yanapopiga jiwe. Kwa hiyo ili kupima unahitaji "mgonjwa".

Miili bandia ya dukani ni ghali. Sisi tulitumia dumu la mafuta ya kula la lita 20 lililojazwa maji, kwa sababu maji hutawanya mionzi kwa namna inayokaribiana na nyama.

Dumu la kwanza halikuwa na mpira kwenye kifuniko. Nililaza, nikatoka, nikawasha. Niliporudi maji yalikuwa yameshapita chini ya godoro yanateremkia kwenye vitufe vya meza. Tulizima umeme wote, tukapangusa kwa mashuka na kupuliza kwa feni karibu saa nzima huku mwenzangu akinihesabia bei ya meza. Haikuharibika. Dumu la pili lina mpira, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kulazwa juu ya makintoshi (shuka za mpira) mbili. Madumu mawili: 12,000.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuja na sura ya habari njema. Kipima mionzi chetu ni cha aina ya Geiger. Pale daktari anaposimama, kwenye urefu wa macho, bila kinga yoyote, kilisoma maikrosiveti (kizio cha kupimia mionzi inayompata mtu) 140 kwa saa. Tulipeana mikono. Kisha nikaweka dumu la pili juu ya la kwanza ili kuiga mgonjwa mnene. Mtambo ukiona kitu kinene huongeza nguvu wenyewe, kwa hiyo namba ilipaswa kuruka. Ikapanda mpaka 150 tu.

Nikampigia mtaalamu wa fizikia ya tiba tuliyesoma naye. Hakuniacha nimalize. Mtambo wetu hautoi mionzi mfululizo. Hutoa kwa mapigo mafupi mno, 15 kwa sekunde. Mrija wa Geiger ukishahesabu mgongano mmoja unahitaji kupumua kidogo kabla ya kuhesabu mwingine, na katika kile kipindi kifupi cha pigo, mionzi mingi inapita wakati wenyewe bado unahema. "Hicho weka kando," aliniambia, "njoo uazime chemba ya ayoni, kipimo kisichopotezwa na mapigo."

3 Februari: Namba za kweli

Leo Jumamosi, hakuna wagonjwa. Hakuna mtu anayebaki chumbani. Chemba imefungwa kwenye stendi ya dripu, simu imeegeshwa mbele yake inarekodi video, sisi tuko nyuma ya kioo cha chumba cha kuongozea. Baada ya kila jaribio tunaingia, tunasoma video, tunahamisha stendi. Ni kazi ya kuchosha lakini haina gharama.

Mahali palepale, urefu uleule wa macho, sentimita 60 kutoka katikati ya dumu, mtambo ukiwa wima: maikrosiveti 780 kwa saa. Siyo 140.

Tukageuza mtambo. Ditekta ikilazwa kushoto kwa mgonjwa, ile pembe tunayoiita LAO, tyubu huja chini upande wa kulia, yaani upande wa daktari. Upande mwale unapoingilia mwilini ndiko mtawanyiko ulipo mkubwa. Namba ikapanda mpaka 2,100. Ditekta ikilazwa upande wa daktari, tyubu ikaenda mbali, ikashuka mpaka 420. Pembe mbili, mtu yuleyule, miguu haijasogea, na tofauti ni mara tano.

Kwenye magoti, bila pazia la risasi linaloning'inia kando ya meza: 2,900. Pazia likiwapo: 120. Pazia letu huwa lipo, hilo nalishukuru.

Halafu skrini, kile kioo cha risasi kinachoning'inia darini. Kwanza tuliiweka jinsi inavyokaa siku zote: imeinuliwa juu, imesukumwa nyuma, chini yake kuna nafasi ya kama sentimita 25. Macho yalipata 640. Kutoka 780! Kifaa cha mamilioni kinafanya kazi ya pazia la mlangoni. Tukaishusha mpaka ukingo wake wa chini ukagusa dumu, tukaisogeza karibu na dumu badala ya karibu na uso wa daktari. Namba ikaanguka mpaka 60. Tulirudia mara tatu kwa sababu mwenzangu hakuamini.

14 Februari: Kwa nini hakuna anayeishusha

Nimekaa wiki nzima nikiangalia badala ya kulaumu. Sababu mbili. Ya kwanza, kioo si safi kwa maana ya upasuaji. Bega la gauni likikigusa, daktari lazima abadilishe gauni, na gauni ni pesa. Ya pili, kikishushwa kinagongana na ditekta mtambo unapozunguka, kwa hiyo mtu hukisukuma mara moja na kukisahau.

Kwa ile ya kwanza nilipata wazo la bure. Tuna mifuko mikubwa myeupe ya plastiki stoo. Niliipeleka ikatakaswe kwenye mashine ya mvuke pamoja na vifaa vingine. Ilirudi imeshikamana na kukunjamana kama chapati zilizosahaulika kwenye kikaango, na dada wa utakasaji alinipa maneno ambayo sitayaandika. Sasa tunanunua mifuniko iliyokwisha kutakaswa, 3,500 kwa mgonjwa mmoja. Hii ndiyo gharama pekee ya mradi isiyokwisha, na nilipigania iingizwe kwenye orodha ya vifaa vya kila mgonjwa pamoja na glavu na sindano, la sivyo ingekufa mwezi wa pili.

Kwa ile ya pili hakuna kifaa. Kuna mtu. Tulikubaliana kwamba fundi mionzi aliye zamu akiona kioo kiko juu anasema "Kioo!" na daktari anaondoa mguu kwenye pedeli ya kuwashia mionzi mpaka kishushwe.

Daktari wetu mkubwa, ambaye sote tunamwita Mzee, alinitazama juu ya barakoa. "Kijana, mimi nimeanza kupitisha katheta wewe uko shule ya msingi."

"Ni kweli, Mzee. Naomba dakika mbili baada ya mgonjwa huyu."

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Mgonjwa mmoja, dakika 10 za pedeli. Kwa 780 kwa saa, jicho linapata 130. Zidisha kwa wagonjwa 300 kwa mwaka: maikrosiveti 39,000, yaani milisiveti 39. Hapo sijagusa zile pembe za LAO wala kurekodi. Kioo kikiwa pale kinapokaa siku zote: 32. Kioo kikishushwa: 3.

Kikomo cha jicho kwa mfanyakazi kilikuwa milisiveti 150 kwa mwaka, na wengi wa rika la Mzee walifundishwa hicho. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ICRP, ilikishusha mpaka 20 kwa mwaka, wastani wa miaka 5, na mwaka wowote usizidi 50. Sababu ni mtoto wa jicho: ilionekana lenzi huanza kupata ukungu kwa kipimo kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Nilimweleza pia utafiti wa Malaysia uliochapishwa 2010: kati ya madaktari wa moyo 56 waliochunguzwa, 29 walikuwa na madoa kwenye sehemu ya nyuma ya lenzi, kati ya manesi 11, watano, kati ya watu 22 wasiofanya kazi kwenye mionzi, wawili.

Mzee aliisoma karatasi polepole, akaikunja. "Jicho lipi?"

Kushoto zaidi. Daktari husimama kulia kwa mgonjwa karibu na nyonga, kwa hiyo kifua cha mgonjwa na tyubu viko kushoto kwake. Hakusema kitu. Kwa mgonjwa aliyefuata Mzee alikishusha kioo mwenyewe, kwa wa tatu alisahau, nikasema "Kioo!", akaondoa mguu.

4 Machi: Kupunguza mapigo

Mtambo ulikuja umewekwa mapigo 15 kwa sekunde na hakuna aliyeuliza kwa nini. Niliushusha mpaka 7.5. Namba ya machoni bila kioo ilikwenda kutoka 780 hadi 430, si nusu kamili, maana mtambo huongeza nguvu kidogo kwa kila pigo ili picha isiwe na chenga.

Kosa langu: nilibadilisha Ijumaa jioni bila kumwambia mtu. Jumatatu asubuhi kulikuwa na binti wa miaka 19 mwenye valvu iliyobana kutokana na homa ya baridi yabisi, anapanuliwa kwa puto. Daktari anavusha waya kutoka chumba cha juu cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto, kazi ya milimita, na picha inarukaruka. Akauliza mtambo una nini. Nikajibu kwa aibu. "Unanifunga macho kunilinda macho?" alisema, na alikuwa na haki. Nilirudisha 15 palepale, kazi ikaisha salama.

Tulikaa siku hiyohiyo tukakubaliana: 7.5 ndiyo ya kuanzia kwa kila mgonjwa, 15 ni kwa kuvusha ukuta wa moyo na kwa kuweka stenti mahali pagumu, na daktari anaitaja kwa sauti. Tangu hapo hawajaitaja mara nyingi kama nilivyohofia. Pia tumeacha kurekodi upya kila puto linapojazwa. Ile picha hai (ya kutazama tu bila kurekodi) ya mwisho inahifadhiwa, inatosha kuthibitisha. Kurekodi, ambako sisi tunakuita sine, hutoa mionzi mara kumi na zaidi ya picha hai kwa muda uleule. Haya yote hayakugharimu hata shilingi.

20 Machi: Neno "Picha!"

Mfungo umeanza na ratiba imelegea, nafasi nzuri ya kuwaangalia manesi. Nilimtazama Sista mmoja akitoa dawa kwenye kanula ya mgonjwa. Ameinama, kichwa chake kiko kama sentimita 40 kutoka kifua cha mgonjwa, ng'ambo ya ile skrini, upande usiokingwa na kitu. Wakati huohuo daktari anatazama monita, anakanyaga pedeli ya sine. Sekunde tano. Sista hakujua. Daktari hakujua. Niliyejua ni mimi, nyuma ya kioo.

Sasa hakuna sine bila neno. Daktari anasema "Picha!", wote ambao mikono yao haijafungwa na kazi wanarudi hatua mbili, anayetoa dawa anasema "Subiri" au "Tayari". Ukiwa nusu mita ukarudi mpaka mita moja, unapata robo. Ukifika mita mbili, sehemu moja ya kumi na sita. Wiki ya kwanza lilionekana kama mchezo wa watoto. Wiki ya pili Sista mmoja alimjibu Mzee "Subiri!" kwa sauti ya kumkemea mwanawe, na Mzee akasubiri.

6 Mei: Ngao ya fundi wa kuchomelea

Huu ndio ukurasa wa hasara. Nesi wa pembeni hana kinga yoyote zaidi ya aproni, nikaamua tumtengenezee ngao ya magurudumu. Bati la risasi la milimita 1, upana mita 1, urefu mita 1.8. Risasi ina uzito mbaya: hilo bati peke yake ni kilo 20. Fremu ya bomba za mraba. Jumla 620,000 na kusafirisha kwa bajaji.

Tatizo la kwanza nililiona nilipoifungua. Nilimwambia fundi aweke "kioo cha kuonea" na yeye akaweka kioo, kile cha madirishani. Kioo cha kawaida karibu hakizuii chochote, kinachozuia ni kioo chenye risasi ndani yake, na bei ya kipande kile ilikuwa zaidi ya ngao nzima. Fundi hana kosa. Mimi ndiye niliyetaja kioo bila kusema kioo gani. Tuliliziba dirisha kwa bati, na monita ya mapigo ya moyo ikageuzwa imwelekee nesi ili asichungulie.

La pili lilitokea siku ya tatu. Vigurudumu vilikuwa vidogo kama vya kiti cha ofisi, kimoja kikapanda waya wa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), ngao ikainama, ikaenda chini juu ya pipa la taka. Kelele yake ilimwamsha mgonjwa. Hakuna aliyeumia, lakini ingempata mtu mguu tungekuwa tunaongea mengine. Kitako kimepanuliwa sentimita 30 kila upande, magurudumu ya sentimita 10 yenye breki.

La tatu lilinikosesha usingizi zaidi. Nilipokwenda kuichukua karakana nilimkuta kijana wa fundi amekata risasi kwa msumeno, vumbi jeusi mikononi, na anataka kula maandazi. Risasi ni sumu. Tulimnawisha kwa sabuni mara tatu, nikamweleza fundi risasi ikatwe kwa mkasi wa bati, vumbi lifutwe kwa tambara lenye maji, wasifagie. Ngao yenyewe ilikuwa inaacha weusi kwenye glavu. Sasa ina rangi mikono miwili na juu yake kitambaa cha plastiki cha makochi, kinafutika kwa dawa. Marekebisho yote: 210,000. Kama ningeanza upya ningechora kwanza na kumlipa fundi baada ya kuona sampuli ya kitako.

10 Juni: Aproni chini ya mtambo

Tulizilaza aproni zote tisa mezani moja moja na kuzipiga picha hai. Saba nzima. Mbili zina nyufa kiunoni, palepale zinapokunjwa kwenye mgongo wa kiti. Moja ufa wake umepinda na kutoa vijito kama mto kwenye ramani. Mwenye kuivaa alikuwa anajua ni nzito na akaamini uzito. Ndoano mpya za bomba nene, aproni ining'inie kwa mabega bila kukunjwa: 145,000. Zile mbili sikuzitupa. Risasi haiendi kwenye taka za kawaida, na nilikuwa na wazo ambalo lilikuja kutumika baadaye.

1 Julai: Miwani

Jozi mbili za miwani ya risasi, 780,000 kila moja, jumla 1,560,000. Nilichagua kwa picha. Mzee ana miwani yake ya kuonea na hii haikai juu yake. Daktari wa pili inamteleza akiinama, na barakoa inaijaza mvuke. Tena ni tambarare mbele na wazi pembeni, wakati mionzi inapanda kutoka chini na kutoka kushoto, inapita kati ya fremu na shavu. Unene wa risasi ya kioo hausaidii ikiwa mlango wa pembeni uko wazi. Jozi moja inamfaa Sista mmoja mwenye uso mpana na anaipenda. Nyingine iko kwenye boksi. Ukinunua, mvalishe mwenye uso kwanza, akiwa na barakoa, ainame. Na utafute iliyozunguka mpaka kwenye panja na yenye kinga ubavuni.

19 Agosti: Beji zimerudi

Robo ya Aprili hadi Juni, beji zikiwa kwenye watu kwelikweli. Za ndani ya aproni karibu zote zimesoma chini kabisa, mbali na kikomo cha mwili mzima, milisiveti 20 kwa mwaka. Ya shingoni ya Mzee: milisiveti 1.9 kwa robo. Ikiendelea hivyo ni chini ya 8 kwa mwaka.

Anayeongoza si daktari. Ni nesi: 2.4. Nilianza kwa kushuku ndoano, nikauliza, nikakagua; beji ilikuwa kwake muda wote. Kisha nikafungua daftari la zamu. Ndiye anayeingia karibu kila mgonjwa wa betri ya moyo.

Kando ya hilo: nesi mwingine aliniambia faraghani kwamba ni mjamzito. Mtoto tumboni haruhusiwi kuzidi milisiveti 1 kwa kipindi kilichobaki. Amepewa beji ya ziada ya tumboni, ndani ya aproni, na amechagua mwenyewe kuhamia chumba cha kupumzikia wagonjwa. Kuna aliyetaka ahamishwe bila kuulizwa, nililikataa hilo.

2 Septemba: Upande wa kushoto

Betri ya moyo hupandikizwa chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, mara nyingi kushoto. Daktari anahama upande, nesi anahama naye, na kinga zetu zote zimebaki kulia: pazia liko kwenye reli ya kulia, mkono wa skrini haufiki. Tulijaribu kuuvuta, ulifika kwa nguvu na ukaziba taa ya upasuaji. Tumeuacha.

Zile aproni mbili mbovu zilikuwa na sehemu kubwa nzima. Nilizipiga picha tena, nikachora kwa kalamu pasipo na ufa. Cherehani ya fundi nguo ilivunja sindano mbili. Fundi viatu wa nje ya geti alizishona kwa mkono, kingo zote zikafungwa kwa ngozi ili risasi isichungulie, akaweka vitanzi vya mkanda vya kuning'inizia kwenye reli ya kushoto. Alitaka 25,000, nikampa 30,000. Kwenye magoti, kwa dumu lilelile: kutoka 2,900 hadi 340. Si 120 ya pazia la kiwandani, kwa sababu pale vipande vinapokutana pana mwanya. Ngao ya magurudumu sasa inasimama begani kwa mgonjwa, nesi nyuma yake. Mapigo tumeshusha hadi 4 kwa kazi hii, waya wa betri unaonekana bila shida, na dirisha la mwale linabanwa mpaka kwenye moyo tu ili mikono ya daktari isiingie kwenye picha.

Jumla mpaka leo, bila mifuniko ya kila siku: 2,615,000. Zaidi ya nusu ni miwani.

16 Septemba: Mkono wa skrini

Kushushwa mara kumi kwa siku kumeichosha springi. Skrini ikiachwa inapanda yenyewe, polepole, na ndani ya dakika tano imerudi pale ilipokuwa Januari. Vipuri vimeagizwa. Kwa sasa imefungwa kwa bendeji ya inchi 4 kwenye reli ya meza, fundo la kuvuta mara moja, na kabla ya mgonjwa wa kwanza Mzee huuliza kama bendeji ya leo ni mpya.